Msasa Amerudi Dirishani

Nyumbani, chumba cha nyuma
Jumatano, tarehe 10 Juni
Asubuhi: mawingu mazito, manyunyu kidogo, upepo usiotulia.

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe na mkaza mjomba mkiwa wazima, na kwamba goti lako limeanza kukubali ngazi. Sisi tu wazima, kwa maana ile ya watu wanaotembea. Mama anakusalimu na anaulizia picha ya wajukuu uliyoahidi.

Nimeanza barua hii mara tatu tangu alfajiri, na kila mara nimeinuka: kuanika nguo, kuzianua kwa ajili ya manyunyu, kuchungulia uani. Nikirukaruka, nisamehe. Ninachotaka kukueleza ni habari za mdogo wangu, Msasa.

Unakumbuka ulivyopiga simu mwezi uliopita, ukasema umepata kazi ya viti vya shule na mikono haikutoshi. Alifurahi mpaka akaenda kunyoa. Kisha ukasema aje akiwa safi, hata hiyo methadoni ya kliniki aiache huku huku, kwani hutaki teja wa hospitali karakanani kwako. Sikulaumu, Mjomba. Ulimwona mara ya mwisho siku alipouza randa yako, na bado akakusaidia kuitafuta.

Lakini yule siye huyu. Kwa mwaka mzima na zaidi amekuwa akipita kliniki kila asubuhi, anakunywa methadoni yake, dawa ya kukata kiu ya unga wa kulevya, dirishani mbele ya muuguzi, kisha anakwenda kazini. Seremala aliyemwajiri anajua. Humpokea kwa kumwita bwana daktari, halafu humwachia mbao ngumu kuliko zote. Unga hajaugusa.

Baada ya simu yako aliacha dawa. Hakumwambia muuguzi, hakuniambia mimi, hakumwambia mtu. Alidhani ni kama kuacha sukari kwenye chai. Siku mbili za kwanza hakuona kitu, maana dawa ile haitoki mwilini haraka, akaanza kutembea kifua mbele. Siku ya tatu arosto, yale mateso ya mwili unaodai dawa, ikabisha hodi: miayo, kamasi, vinyweleo vinamsimama juani, miguu inapiga shuka mateke kana kwamba ina ugomvi wake yenyewe.

Mama akasema ni malaria. Msasa akakubali haraka mno, kama mtu aliyepewa lifti. Basi akafunikwa mablanketi mawili, dirisha likafungwa, akanyweshwa maji ya moto. Kipimo cha zahanati kilipoonyesha hana malaria, Mama akasema vipimo vya siku hizi vina uvivu. Mimi niliitazama ile miayo. Mgonjwa wa malaria hutetemeka. Hapigi miayo kama aliyekalishwa kwenye hotuba. Nilikwisha kuiona zamani, kabla hajaanza kliniki. Nikajua.

Nilipombana alikiri, akanisihi nisimharibie. Zimebaki siku chache tu, alisema, atafika kwako safi kama sahani.

Juzi asubuhi mapema nikasikia mluzi nje ya ukuta. Alikuwa mwenzake wa zamani wa kijiweni. Watu hao wana pua, hunusa mtu akianza kulegea. Nilipoingia chumbani kwake nilimkuta Msasa amekaa ukingoni mwa kitanda, kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, jasho linamtiririka.

"Dada," akasema, "nikitoka peke yangu sirudi."

Nikamvalisha kile kiatu cha pili mimi mwenyewe, mtu mzima yule, tukatoka pamoja. Mama akatufuata nyuma na blanketi. Mwenye mluzi alipomwona Mama, alikumbuka ana shughuli.

Kliniki hawakumfokea, na hilo lilimchanganya zaidi. Daktari alimuuliza amekosa siku ngapi, akasema hawezi kumrudishia kipimo chake cha zamani kwa mkupuo. Mwili umeshasahau, na kipimo kile kingeweza kumzima pumzi. Ataanza chini, apandishwe polepole. Kisha akaongeza: kama angemfuata yule mwenye mluzi na kutumia unga kwa kiasi alichozoea zamani, huenda asingeamka. Leo ningekuwa nakuandikia barua nyingine.

Pale dirishani wana utaratibu. Ukishakunywa lazima useme neno, muuguzi ajue umemeza na hukuificha dawa shavuni. Kila mtu ana neno lake, na Msasa ndiye mchekeshaji wao. Yeye kila siku humposa muuguzi. Juzi muuguzi alisubiri posa yake, haikuja.

"Mjomba atanikataa," Msasa akasema.

Muuguzi yule ni mama wa makamo, ulimi wake hauna breki.

"Huyo mjomba hana presha?" akauliza. "Hamezi kidonge kila asubuhi? Mwambie siku akiacha chake, na wewe utaacha chako."

Mjomba, maneno hayo ni yake, si yangu. Mimi ni mpeleka habari tu. Lakini nilikumbuka kidonge chako cheupe kando ya kikombe cha chai.

Daktari anasema kupunguza dawa kupo, ila ni kwa miezi, kidogo kidogo, Msasa mwenyewe akiwa tayari, si kwa sababu ya simu. Anasema pia huko kwenu kuna kliniki kama hii. Akihama wataandikiana, naye atapita dirishani kabla ya kazi kama anavyofanya hapa. Atachelewa karakanani nusu saa. Hilo ndilo ombi langu kwako: hiyo nusu saa ya asubuhi.

Sasa yuko uani. Kipimo cha chini hakijamtosha; analala vipande vipande, haketi. Tangu jana anasugua mguu mmoja wa kigoda mpaka kigoda kimeanza kuyumba, sasa anasugua mingine ilingane nao. Mama naye anasema alijua tangu mwanzo kuwa si malaria. Hatujambishia.

Msasa anajua nakuandikia. Alisema nisikufiche kitu. Ukiamua, usinipigie mimi. Mpigie yeye. Hata kama ni hapana, aisikie kwa sauti yako, maana hapana anayojitungia mwenyewe ni mbaya zaidi, na kila ikimjia hutazama mlango.

Nisalimie mkaza mjomba, wajukuu wote, na binamu yangu fundi umeme. Mungu akulinde, alitulize goti lako, na aibariki kazi ya mikono yako.

Mpwa wako akupendaye na kukuheshimu,
yule uliyempa jina la Karani

Saa sita na robo usiku. Ameingia ndani na kuufunga mlango mwenyewe. Nalala.