Wahanzi Hawarudi Nyumbani

Landless, Thika
23 Novemba 1997

Kwako kaka yangu Ibra,

Assalaam aleikum. Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, umeshiba na nguo zako zimekauka, maana mvua ya huku imekataa kabisa kupumzika na nasikia hata huko Nakuru ni hivyo hivyo. Sisi hatujambo. Mama anasumbuliwa na goti lakini mdomo wake hauna tatizo lolote, anakusalimia na anauliza kama unakula mboga. Baba pia ni mzima. Habari zake ndizo zilizonifanya nichukue kalamu, kwa hivyo kaa chini usome polepole, usiruke mistari kama ulivyozoea.

Ulipoondoka mwaka jana uliniachia Wahanzi wako, lile taifa lako la udongo, ndani ya boksi la viatu, ukaniambia nisiwaguse. Nimewagusa, na wa kulaumiwa ni Warigia, mwamuzi wetu, na sheria zake. Mwezi jana kule kwa kina Kisilu, Mwiki ya Ruiru, alitukumbusha kwamba taifa lisiloonekana mezani mwaka mzima linafutwa kwenye ramani. Kang'ethe alikuwa tayari anazimezea mate sayari zako. Unamjua Kang'ethe, hata mchezo wa udongo na vifuniko vya soda anaucheza kama mtu anayenunua ploti. Nikasema Wahanzi wana mwenyewe, na kama mwenyewe yuko mbali, dadake yupo.

Shida ikawa ile desturi yetu. Kabla ya vita kila mmoja husimama akasema asili ya taifa lake kwa kinywa, bila kusoma, tena kwa “sisi”, kama aliyezaliwa huko. Asili ya Wahanzi nilikuwa nimekusikia ukiisema mara nyingi, lakini nilipojaribu mwenyewe nilikuwa nachanganya mambo. Basi jioni moja nikiosha vyombo nikaanza kufanya mazoezi, na unajua sijui kusema kwa sauti ndogo.

Nikasema sisi Wahanzi tuliundwa na Mfua, fundi wa vipande vya nyota vilivyotupwa, akatupa mikono minne na akatuwekea jiko kifuani. Nikasema kifungua mimba wetu alikataa nyundo kwa kuwa alitaka kuchora, Mfua akakasirika, akatuonyesha mlango. Tukatoka na makaa tuliyokuwa nayo vifuani, na tangu siku hiyo hatupigani kwa ajili ya ardhi, tunapigania makaa tu yasizimike. Nikafika pale ninapopapenda, kwamba hatuna nyuso kwa sababu tulimwachia Mfua, ili siku akitukumbuka awe na kitu cha kuangalia. Mimi na wewe tunajua hawana nyuso kwa sababu Mama alikataa sanamu zenye macho nyumbani kwake, lakini sababu yako ndiyo ninayoiamini.

Kugeuka, Baba amesimama mlangoni, hata koti la mvua hajavua. Ibra, alidhani nawasimulia majirani habari za nyumba yetu. Alisema yeye hajafukuza mtu, kwamba siku ile mliyogombana alikuwa amejikata na bati na mtu mwenye maumivu husema ovyo, na kwamba sikuwa na haja ya kumtangaza Landless nzima. Nikamwambia huo ni mchezo tu, ni habari za watu wa sayari nyingine. Akaniuliza tangu lini watu wa sayari nyingine wakatengeneza majiko kama yeye. Nilitaka kucheka lakini uso wake haukuniruhusu. Akataka kujua aliyetunga ni nani. Nikamwambia ni wewe, na kwamba sehemu ya kifungua mimba uliiongeza wiki ile uliyoondoka. Akaenda kulala bila chai.

Jumamosi iliyofuata akasema tunaenda Ruiru pamoja. Nikajua anakwenda kuniaibisha mbele ya wenzangu. Lakini alikaa pale kwa kina Kisilu kwa adabu zake zote, mamake Kisilu akampa muthokoi, yale mahindi yao ya kukoboa na maharagwe, akala na akaomba kuongezwa. Nikasimama nikasema asili mbele yake. Sikuruka neno.

Vita vilikuwa vibaya. Kang'ethe alinisukuma mpaka ukingoni, na unakumbuka taifa lako lina sheria yake peke yake. Wengine wote wakizidiwa hurudi kwenye pembe yao, wakapumzika, wakainuka tena. Wahanzi hawarudi, kwa sababu uliandika kwamba waliapa kutobisha mlango uliofungwa na mikono ya Mfua. Kwa hivyo walikuwa wanakufa mmoja mmoja, na nyuma yao pembe nzima iko tupu. Baba akamwuliza Kisilu kwa nini mimi siwarudishi pale, si kuna nafasi. Kisilu, ambaye hakujua lolote la nyumbani kwetu, akamweleza vizuri sana, mpaka nikatamani anyamaze.

Baba akasogeza kiti chake mezani. Halafu akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumwuliza Mfua mwenyewe. Kang'ethe akacheka, akasema, “Mzee, huyo Mfua hata hachezi, ni wa story tu.” Baba akasema basi leo atacheza, yeye ndiye Mfua, na anawaambia waingie.

Hakuna aliyecheka tena. Warigia alimjibu kwa upole, akamwambia, “Baba Ibra, asili ya taifa inabadilishwa na mwenye taifa pekee.” Nilingoja alipuke, unamjua. Akasema ni haki, asili ni yako. Na utaamini? Kang'ethe akaondoa mkono wake mezani, akasema yeye hana haraka, mchezo usimame hapo ulipo mpaka wewe useme. Ubao uko juu ya kabati la kina Kisilu, umefunikwa nailoni kwa sababu paa lao linavuja.

Sasa ni lile nililoagizwa. Tulipotoka mvua ikatukamata, tukajibanza kwenye kibaraza cha duka, na pale Baba akaniambia jambo ambalo hata Mama hajui. Unakumbuka nilikuandikia kwamba Agosti alisafiri kutafuta bati la bei nafuu, akarudi mikono mitupu, Mama akamcheka wiki nzima? Hakwenda kutafuta bati. Alikuja Nakuru. Alikukuta juu ya ngazi unachora ng'ombe kwenye ukuta wa bucha, akasimama ng'ambo ya barabara akikutazama mpaka ukamaliza kichwa chote. Anasema ng'ombe huyo alikuwa na macho yaliyo hai kabisa. Hakukuita. Aliogopa ukigeuka ukamwona, utashuka upande wa pili uende zako. Akapanda gari akarudi. Ibra, mimi sijawahi kumwona Baba akijipangusa uso kwa kofia yake, na siwezi kusema yalikuwa maji ya mvua kwa sababu tulikuwa tumejikinga.

Anasema hivi, nami nayaweka kama alivyoyasema. Mlango hakuufunga. Hakujua kwamba wewe uliondoka ukiuona umefungwa. Anasema rudi, na habari ya nyundo haitatajwa nyumbani kwake tena. Nilimwuliza niandike kwamba anayesema ni Mfua, au ni yeye. Akasema ni yeye.

Kila akitoka kazini ananiuliza kama umejibu, na mimi nilikuwa hata sijaandika, kwa kutojua nianzie wapi. Tafadhali usinicheleweshe. Mama anakusalimia tena, Kisilu na mamake wanakusalimia, Warigia anakusalimia kwa ukali wake uleule, na Kang'ethe amesema niaje.

Mungu akulinde huko uliko.

Ni mimi dadako anayekukosa sana,
Hayat