Kila Mteja Kipenzi

2 Februari

Kwako Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na magoti yako yametulia. Sisi huku hatujambo. Nasema sisi kwa sababu wa tumboni naye tumeshamhesabu. Ana miezi mitano, na nikikaa tu anaanza mateke. Mume wangu yuko barabarani na lori lake kama kawaida: wiki tatu haonekani, ya nne analala.

Kazini ni yaleyale, mikono na mishipa na sindano. Lakini kuna jambo linaniudhi, nimeona nikuulize wewe maana ndiwe fundi wake. Hapa maabara hakuna anayeniita jina langu. Nimevaa beji kifuani, herufi kubwa nyeusi, hakuna anayeisoma. Mkuu wa maabara ananiita "mtoto mzuri". Mlinzi wa getini alikuwa akiniita "mke wangu". Tumbo lilipoonekana akabadilisha haraka, sasa mimi ni "shemeji". Wagonjwa ndio usiseme. Mwanamume mwenye mabega kama kabati anaingia akigombana na foleni nzima, akiona sindano tu: "Polepole, mpenzi. Taratibu, malaika wangu." Nikimaliza anatoka bila hata kwaheri.

Wewe dukani huwaita watu wote vipenzi. Hebu niambie ukweli: huwa unamaanisha, au ni mazoea ya ulimi tu?

Daktari ameniuliza nani atakaa nami mwezi wa kwanza nikishajifungua. Nimemwambia bado naangalia.

Wako,
Mwenyewe


14 Februari

Mwenyewe,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, na kile kipande cha mlinzi nimewasomea wateja, unisamehe. Magoti yanalalamika lakini bado yananibeba. Nimefurahi sana kusikia wa tumboni ana nguvu. Wewe kula, na viatu virefu weka kando.

Unauliza kama namaanisha. Mtu anayeingia duka la vifungo huwa ana kifungo kimoja mkononi na aibu usoni. Koti lake limepungua kimoja, anataka kinachofanana, na anajua nitamwaga makopo kumi juu ya kaunta kwa ajili ya kitu kidogo kama punje ya hindi. Nikimwambia, "Karibu roho yangu, tutakipata," mabega yanashuka. Basi kwa zile dakika kumi za kutafuta, ni roho yangu kweli. Akishatoka ni mtu wa watu. Wanasema maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mimi nilimtoa baba yako.

Hili hukuwahi kuambiwa. Alikuja mara ya kwanza na kifungo cha shati. Nikamwambia, "Njoo kesho, kipenzi, nitakutafutia." Yeye mgane, ana mtoto mdogo nyumbani, akalibeba lile neno akaenda nalo. Kesho yake akaja na kifungo kingine. Kesho kutwa kingine. Wiki ya pili naangalia, shati alilovaa limeshikizwa kwa pini juu mpaka chini. Alikuwa anakata vifungo vyake mwenyewe apate sababu ya kurudi! Nilicheka mpaka nikakaa chini. Mungu amrehemu, ujanja hakuwa nao hata chembe.

Kwa hiyo wale wa sindano usiwakasirikie. Mtu akiogopa hutafuta cha kushika. Huyo mkuu wa maabara ndiye wa kuambiwa, tena mbele ya watu, kwamba una jina.

Kuhusu mwezi wa kwanza, najua utajipanga. Tangu zamani hupendi kubebewa mzigo. Nitakutumia flaneli za mtoto.

Mama Mdogo


1 Machi

Mama Mdogo,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi afya ninayo.

Habari ya baba na pini zake ilinichekesha nikiwa peke yangu. Mkuu wa maabara nimemwambia. Alishtuka, akasoma beji, na sasa ananiita jina langu kama anasoma orodha ya wagonjwa. Hilo limekwisha.

Lakini juzi aliletwa bibi mmoja, mishipa yake myembamba kama uzi. Nilimchoma mara mbili nikakosa. Badala ya kukasirika akanipapasa mkono, akasema, "Pole mwanangu, jaribu tena." Damu ikaja. Nikabandika pamba, nikamshukuru, nikaenda kujifungia stoo katikati ya maboksi ya glavu, nikalia mpaka mwenzangu akaja kugonga.

Sasa nikuambie kilichoniliza, maana nisipokisema leo sitakisema tena. Nimekaa katika duka lako tangu nina miaka saba, nikifanyia kazi za shule juu ya kaunta yako. Nimekusikia ukimwita muuza magazeti mwanangu. Fundi cherehani, kipenzi. Yule mwanamke asiyenunua hata sindano, anayeingia kukwepa mvua tu, roho yangu. Mimi, Mwenyewe. Miaka ishirini, Mwenyewe. Siku ya harusi ulinifunga kifungo cha mwisho mgongoni, ukasema, "Haya Mwenyewe, umependeza." Nilisimama pale nikisubiri neno lingine. Tulipomzika baba, ulimwambia mchimba kaburi, "Asante, mwanangu," kisha ukanigeukia mimi: "Twende, Mwenyewe."

Na sasa nakuambia daktari ameuliza nani atakaa nami, unanijibu nitajipanga. Kumbe maneno matamu ni ya wateja. Sawa. Nitajipanga.

Mwenyewe


26 Aprili

Mwenyewe,

Salamu nyingi, na za yule wa tumboni peke yake. Afya yako vipi? Miguu haijavimba? Najua nimenyamaza wiki nane. Sikuwa mgonjwa, usiogope. Barua hii nimeiandika mara nne; tatu zimeishia kufungia vifungo vya watu.

Huenda hukumbuki, ulikuwa mdogo. Asubuhi ya kwanza nilipohamia kwenu, ulikuwa unavaa sweta la shule. Kifungo cha juu umekitia tundu la pili, sweta lote limekwenda upande. Nikapiga magoti, enzi hizo yanapigika, nikasema, "Njoo nikufunge, mwanangu." Ukarudi nyuma mpaka ukutani. Hukulia. Ukasema, "Usiniite mwanangu. Mimi nina mama. Na usiniite kipenzi, unaita kila mtu. Nitafunga mwenyewe."

Mama yako alikuwa hajatimiza mwaka tangu afariki. Nikakuuliza, "Nisikuite mpaka lini?" Ukafikiri kidogo. Ukasema, "Mpaka nikuambie." Tukapeana mikono kama watu wazima, ukaenda shule na sweta lako hivyohivyo.

Tangu siku hiyo ukawa Mwenyewe, kwa sababu ndilo jina pekee ambalo hukulikataa. Baba yako alisema nimezidisha, kwamba mtoto husahau kabla ya jua kuzama. Mimi niliona ndicho kitu cha kwanza ulichoniomba, na ahadi ni deni. Wale wengine kuwaita ni rahisi, nani amenikataza? Siku ya harusi neno lilikuwa mdomoni pamoja na pini. Pini nilizitoa, neno nikalimeza. Makaburini hivyohivyo.

Kosa langu ni kwamba sikukuuliza tena. Niliogopa kukuona ukirudi ukutani. Hata kuja huko nilitamani tangu Februari, nikasema nisubiri niitwe, kumbe na wewe unasubiri nijitolee. Tumekuwa koti lenye vifungo pande zote mbili, tundu halina hata moja. Nisamehe.

Humu ndani nimeweka vifungo vyeupe, vidogo, vya sweta la mtoto. Nivishone mimi, au utavishona mwenyewe? Sema unavyotaka, sitanuna.

Mama Mdogo


4 Mei

Mama Mdogo wangu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Mimi mzima, miguu imevimba kama mikate, usiwe na wasiwasi, daktari anajua.

Sikumbuki. Nimekaa kitandani na barua yako nikajaribu kwa nguvu zote. Sweta nalikumbuka, na jinsi lilivyokaa upande siku nzima, wenzangu wakinicheka darasani. Maneno siyakumbuki hata moja. Umetunza ahadi ambayo hata mwenye kuahidiwa ameisahau! Nimecheka, nimelia, mtoto akapiga teke moja la nguvu nikapiga kelele. Mume wangu, ambaye ndiyo kwanza amerudi, akadhani uchungu umeanza, akashika funguo. Nimemwambia mimi siendi kujifungua kwa lori.

Samahani kwa barua yangu ya Machi. Na samahani kwa asubuhi ile, ingawa mtoto yule alikuwa na haki yake.

Basi nakuambia. Leo, tarehe nne. Niite.

Na uje. Daktari anasema ni mwisho wa mwezi huu. Vifungo nimeviweka kwenye kikombe juu ya kabati, wala sitavigusa.

Mwanao


11 Mei

Mwanangu,

Marahaba, mwanangu. Hujambo, mwanangu? Nimeanza hivyo nione kalamu itafanya nini, imeandika vizuri tu.

Sina maneno mengi, nafunga mizigo. Nakuja na basi la Ijumaa asubuhi. Huenda nikafika kabla ya barua hii, tuisome pamoja. Miguu iweke juu ya mto mpaka nifike.

Mlangoni nimebandika karatasi: "Vipenzi vyangu, roho zangu, duka limefungwa mpaka mwezi wa saba. Vifungo vyenu vitunzeni. Nimekwenda kwa mwanangu." Fundi cherehani akaja, akaisoma, akanikodolea macho. "Kwa mwanao yupi tena?" akaniuliza. "Si sisi sote ni wanao?"

Nikamwambia, "Nyinyi ni wateja, kipenzi."

Mama Mdogo