Nimecheza Mpaka Madhabahuni

Jumapili, usiku

Leo kwenye ibada ya mavuno mchungaji katangaza wazee tukae! Ati wahudumu watapita kwenye mabenchi kuchukua mavuno yetu, tusije tukaanguka. Mchungaji huyu mtoto wa juzi. Tangu lini mavuno ya Bwana yakakusanywa kama vyombo vichafu? Hapa Ruhembe tunayapeleka wenyewe, kichwani, tukicheza.

Ukweli niliogopa. Goti la kushoto linanisumbua tangu masika, na nianguke mbele ya kanisa zima, mimi! Lakini kwaya ilipoanza, kukaa kukanishinda. Nikajitwika kapu langu la mpunga.

Jirani yangu Mama Kulwa, yule Msukuma mwenye ng'ombe, akaja na boga lake kubwa, akanishika mkono.

"Shikamoo bibi. Twende wote."

"Marahaba. Usinishike kama mgonjwa!"

"Basi nishike wewe. Boga hili litaniangusha."

Mwongo mkubwa. Mwanamke yule anabeba ndama mzima. Nikamshika.

Tukaenda tukicheza polepole, kanisa zima vigelegele. Sijacheka hivyo tangu babu wa wajukuu zangu afariki. Nikaweka kapu madhabahuni, nikaendelea kucheza. Wenzangu wote walisharudi. Mchungaji akaninong'oneza, "Bibi, karibu ukakae sasa."

"Niache, mjukuu wangu. Bado namshukuru."

Halafu naye akaanza kupiga makofi, tena nje ya mdundo, hata aibu hana.

Sasa goti linawaka moto. Liwake tu. Ee Mungu, mwakani unipe tena mpunga, na miguu ya kuuleta.