Kikopo Nilichokifunga Kama Zawadi

Kwa mjukuu wangu, mume wangu mtoro,

Hivi miguu yako imeota mizizi huko? Mvua zimenyesha zikakatika, mlango wangu hujaugonga. Haya, nakusalimu hivyo hivyo. Hujambo? Unakula? Unalala? Sisi wazima, ila babu yako anakoroma mpaka mabati yanaitikia. Mwandiko usiucheke, shule sikuiona hata paa lake, herufi nilizidoea kwenye pakiti za sabuni.

Unalikumbuka lile tumbo langu la kuendesha na kutoa damu? Wakati ule daktari alinipitisha mpira wenye kamera huko nyuma, akakuta utumbo umevimba una vidonda. Nilimwambia hata babu yako hajawahi kunikosea adabu kiasi hicho. Juzi nikaitwa tena, waone kama dawa zinafanya kazi. Nilikwenda nimevaa nguo za ndani mbili, tayari kwa vita. Kumbe safari hii daktari alitaka choo changu tu! Alinieleza kwamba utumbo ukiwaka, askari wa mwili hukimbilia pale kupigana, na mabaki yao hutoka na choo. Maabara wakiyapima wanajua moto ni mkali au umefifia, bila kumchokonoa mtu.

Nikapewa kikopo. Sasa mimi nimelelewa kwamba kitu cha kumpelekea mtu hakiendi uchi. Nikakipulizia marashi ndani, nikakifunga kwa kitambaa nilichodarizi mwenyewe. Mama wa maabara alikipokea kwa mikono miwili, akasema nisingejisumbua kumletea keki. Alipofungua, alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanirudisha nikalete kingine kisicho na marashi, maana yangeweza kuharibu kipimo.

Majibu yametoka: moto umeshuka sana. Dawa naendelea nazo, mpira hautakiwi kwa sasa. Nilicheza palepale, daktari akaniomba nisimvunjie kiti.

Sasa nikwambie kilichonikalisha kuandika. Najua kwa nini huji. Mara ya mwisho ulishinda chooni, ukasingizia maharage. Maharage hayatoi damu, mjukuu wangu. Nilikuta matone sakafuni, nikayafuta kabla babu yako hajayaona, nikangoja useme mwenyewe. Nimechoka kungoja. Sura yangu umeikataa, ukaona urithi tumbo! Nilimuuliza daktari, alisema ugonjwa huu huweza kutembea katika ukoo, na kwamba kwako pia ataanza na kikopo, ingawa mpira huenda ukafuata. Ukifuata, nitakaa mlangoni nikuimbie, aibu ikusahaulishe maumivu. Lakini kukaa huko ukivuja kimyakimya, hilo sitaki kulisikia.

Babu yako anakusalimu, na paka pia, ingawa hukumpenda. Njoo wiki hii, siku ya kazi, asubuhi, na usipitie choo chochote njiani. Kikopo kipo juu ya kabati. Hakina marashi.

Ni mimi bibi yako,
mwenye tumbo kama lako.