Jina Lako Bado Liko Kinywani

Chausiku, mkwe wangu,

Nakuandikia nimekaa jikoni, mgongo nimeupa mlango, maana wapitao wakiniona watacheka. Mimi, Mama Salumu, ninayejulikana Morogoro nzima kuanzia stesheni ya reli mpaka bomani, naona aibu kutoka nje! Ngoja nikueleze.

Tangu homa ikuchukue, Salumu wangu alikaa peke yake mpaka nikamwonea huruma. Nikamtafutia mke, Mwanaidi, binti wa Kinole huko mlimani. Usidhani nimekusahau. Ni mzuri, sikufichi. Mimi sichagui vibaya, wewe mwenyewe ushahidi.

Unamkumbuka yule Mdachi aliyekuwa akipima akili za watu pale karibu na boma? Anakuonyesha picha: ukiona kuku useme mbuzi, ukiona mbuzi useme kuku, upesi upesi, apate kujua jinsi ulimi unavyoshindana na jicho. Watu wakababaika. Mimi sikubabaika, kwa kuwa tulijizoeza hapa hapa jikoni. Unainua mwiko, nasema chungu. Unainua chungu, nasema mwiko. Tukacheka mpaka ugali ukaungua, na Salumu akaula vile vile mweusi. Mdachi alinipigia makofi. Nami nikatangaza mji mzima: "Ulimi wangu nikiuambia kaa, unakaa!"

Basi ikafika siku ya harusi. Mwanaidi kaletwa, kajifunika, shangazi yake kando. Nikatoka na sinia la pilau mikononi, moyo umejaa, nikasema kwa sauti, na sauti yangu unaijua: "Chausiku, mwanangu, karibu kwako!"

Vigelegele vikakatika. Shangazi akauliza, "Kwani mtoto wetu hakupewa jina?" Na jirani mmoja huko nyuma, wala hakujificha: "Si ndiye huyu aliyemshinda Mdachi?"

Ningeweza kujifukia ndani ya pilau ile.

Nikaapa jina lako halitanitoka tena. Nikawa naulinda ulimi kama mtu anayefukuza ndege kwenye mpunga, na kadiri nilivyoulinda ndivyo ulivyonitoroka. Mwanaidi akinichotea maji, namwita Chausiku. Akinisuka nywele, Chausiku. Mwisho nikaona heri nisimwite kabisa. "Wewe, hebu lete hicho." Nilidhani namsitiri. Juzi kafunga nguo zake, akamwambia mumewe bila hata kulia: "Nilipoitwa jina la marehemu nilivumilia. Sasa siitwi kabisa." Akapanda kwao.

Salumu hanisemeshi. Dukani, yule Mhindi ananipimia chumvi huku akiniuliza, "Mama Salumu, hii chumvi au sukari? Angalia usikosee!" Watu wakaangua kicheko. Nikachukua chumvi yangu nikaondoka kimya. Mimi, kimya!

Nikaenda kwa Mdachi, anieleze ulimi wangu umepatwa na nini. Hakucheka. Aliniuliza jina linakosewa wakati gani. Nikasema, Mwanaidi anaponifurahisha. "Na ukimkasirikia?" Nikafikiri. Siku alipovunja mtungi wangu nilimwita Mwanaidi, sawasawa, mtaa mzima ukasikia! Mdachi akaniambia kichwa huwaweka watu tunaowapenda chumba kimoja, na ulimi ukiingia humo kwa haraka, huku mikono ina kazi nyingine, humshika yule uliyemzoea. Nisishindane na ulimi. Niweke chini nilichoshika, nimtazame uso, ndipo niite.

Nilirudi nikilia njia nzima. Kumbe nilishamweka mahali pako, nami sikumwambia. Nimemwacha mtoto wa watu afikiri namkataa. Na jina lako, Chausiku, jina nililolipenda, nimelifanya kitu cha kumwumizia mwenzio. Hilo ndilo linaloniinamisha kichwa, kuliko kicheko cha dukani. Nisamehe, mwanangu. Wewe hukunikosea hata siku moja, na mimi nakukosea umelala.

Kesho napanda Kinole. Magoti yanauma lakini yatafika, mimi si wa kubebwa. Mikononi sitashika kitu, zawadi atabeba Salumu. Shangazi atakuwa mlangoni na majirani wote nyuma yake, na wacheke. Nitasimama, nimtazame uso wake mpaka niuone vizuri, ndipo nimwite: Mwanaidi. Kisha nitasema mbele yao wote kwamba kila nilipokosea, ndipo nilipokuwa nampenda. Akikataa kurudi, nitashuka na aibu yangu. Nimestahili.

Lala salama, binti yangu. Nakuahidi jina lako sitalifukuza kinywani. Ijumaa nikija kaburini nitakuita nalo taratibu, bila sinia, bila haraka, kwa kutaka mwenyewe.

Ni mimi mama yako, mwenye ulimi usiokaa,
Mama Salumu