Mwaka Niliotaka Kuufuta

Shoga, upo? Usinipigie, nimejifungia chooni kazini na sauti haitoki.

Leo si ndiyo nilikuwa nawaonyesha wenzangu kikaoni ule mchoro wangu? Ule wa gesi ya nitrasi oksidi inayotoka misitu ikiungua, mwaka hadi mwaka. Unajua nilivyouhangaikia. Mstari wote umetulia, ila mwaka mmoja umechomoza juu kama mnara.

Basi mimi na mdomo wangu! Nikawaambia, "Mwaka huu unatuharibia picha. Tuufute tu, mstari unyooke." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilicheka, shoga!

Mama wa masjala hakucheka. Yule anayeniita mwanangu. Akauliza taratibu, "Huo si mwaka ulioungua msitu wa mlimani?"

Nikamjibu kwa furaha kabisa, "Ndio huohuo, mama!"

Akasema, "Kijana wangu alikuwa zimamoto. Aliingia humo, hakutoka."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikaanza kubabaika, pole mama, sikujua, pole. Miaka yote meza zetu zimepakana, na sikujua!

Hakunikasirikia. Heri angenitukana. Alisogea mpaka ukutani penye mchoro, akaweka kidole pale kileleni, akakiacha hapohapo.

"Moshi mliupata, mkaupima," akasema. "Sisi tulizika koti alilolisahau nyumbani. Usiufute, mwanangu."

Koti, shoga.

Walizika koti.