Mguu Mlafi

Mwera, Pangani

Kwa mke wangu mpenzi Anastazia,

Pokea salamu zangu nyingi za huku pwani. Je, hujambo? Watoto wanakula vizuri? Kikohozi cha mama kimepoa? Mimi ni mzima, ila mkono wa kulia unaniuma, na ninajivunia maumivu yake.

Nilikuandikia kwamba bwana meneja wa shamba anataka kuliuza lori ninaloendesha, kwa kuwa ni kuukuu na linakunywa petroli kama ng'ombe wa kiangazi. Likiuzwa, mimi narudi kukata mkonge na kubaki kambini na manamba, vibarua wenzangu. Na baba yako alishasema binti yake hatalala kambini. Niliogopa, mke wangu, sikufichi.

Nikamwendea Fundi Bakari, mtu wa Pangani anayetengeneza magari yetu. Tukaenda naye mpaka kivukoni na kurudi, akiitazama miguu yangu tu. Kisha akasema, "Lori halina ulafi, bwana. Mguu wako ndio mlafi. Mara wakanyaga mafuta, mara wakanyaga breki. Na pale kivukoni, mbona injini huzimi?"

Hapo alinipata. Kwetu madereva wa huku, kuzima injini kivukoni ni aibu. Magari haya makuukuu hayawaki mpaka ushuke uizungushe injini kwa chuma kwa mbele, jasho likutoke mbele ya watu. Basi huwa tunayaacha yangurume mpaka pantoni irudi kutoka ng'ambo, hata ikikawia, nasi tumeegemea mlango kama mabwana.

Safari iliyofuata nilizima. Nilipoanza kuzungusha chuma, wanawake wauza samaki wakacheka.

"Dereva kaoa kizee huyu," mmoja akasema. "Akilala, kumwamsha kazi."

"Kizee changu akilala hali wala hanywi, dada," nikamjibu. Wakacheka zaidi, lakini lori likawaka.

Tangu hapo nikashika mwendo huo. Nilijaza magurudumu upepo, nikashusha minyororo na vyuma tulivyokuwa tukivibeba bure, nikajifunza kukanyaga taratibu. Haba na haba hujaza kibaba. Marobota ya katani yalifika Tanga bila kuchelewa hata mara moja. Meneja alikuwa akichovya kijiti kwenye tangi kila jioni kupima petroli, na mwanzoni alidhani nimetia maji. Wiki iliyopita akasema lori haliuzwi, na dereva wake ahamie nyumba za madereva.

Nimeshahamia, Anastazia. Vyumba viwili, jiko la peke yetu, na mlango unaofungwa kwa ndani. Baba yako asomewe maneno hayo ya mlango polepole.

Nisalimie mama, katekista wetu, na shemeji yangu mchunga ng'ombe anayesema udereva ni kukaa tu. Mwambie hata kukaa kuna ufundi wake.

Jikoni sijapika. Bado nakula kwa jirani, kwa sababu moto wa kwanza nimekuwekea wewe. Njoo.

Mumeo,
Yosefu, dereva